Nani Ameigusa?

Msomaji, nianze kwa kukuuliza. Umekaa na wenzako, kitu kimeharibika katikati yenu, na mwenye kitu anauliza: nani ameigusa? Wewe unajua ni wewe. Hakuna mwingine anayejua. Kabla mdomo wako haujafunguka, mtu wa pembeni ananyoshewa kidole. Kisha fundi anakuja, anahangaika, kitu kinapona, watu wanarudi kwenye shughuli zao. Je, hapo bado unadaiwa kusema? Au deni limekufa pamoja na ubovu?

Nimelibeba swali hili tangu mwaka 2022 na sijapata pa kulitua. Kijiweni nimelitoa mara tatu, na mara zote tatu limeishia kwenye kicheko, kwa sababu jambo lenyewe ni la kompyuta. Washikaji zangu wanaona aibu ni mambo ya mke wa mtu au ya hela ya michango ya harusi. Kompyuta iligoma kuwaka, ikawaka, sasa unalia nini? Haya, ngoja nieleze.

Nilikuwa nafanya kazi katika steshenari moja hapa Dar es Salaam, jirani na kituo cha daladala. Sitaitaja. Tulikuwa watatu: mzee mwenye duka, dada aliyekuwa akikaa kaunta na kuchapa kazi za wateja, na mimi wa fotokopi, kutoboa karatasi, kutumwa vocha na kufagia. Mimi nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kujivunia, na nina riwaya. Nasema nina riwaya kama mtu anavyosema ana kidonda: ipo, inanisumbua, wengine hawaioni. Mzee aliniruhusu kubaki baada ya kufunga niichape kwenye mashine ya dada, mradi tu nikiondoka nizime swichi kuu, maana mzee hataki kifaa kilale kwenye umeme. Ilikuwa fadhila kubwa. Usiisahau fadhila hiyo, nitairudia.

Sasa mashine yenyewe. Ilikuwa ya mtumba, kijisanduku cheusi kizito, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: kila asubuhi ilisahau. Ukiiwasha inalalamika kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, inakutaka ubonyeze F1, na ukishaingia ndani unakuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Dada alizoea. Anabonyeza F1, anasahihisha tarehe, maisha yanaendelea. Kwa miaka.

Kwa nini kompyuta isahau? Hapa nivumilie kidogo, nimelisoma jambo hili sana baada ya mkasa, na sehemu ya swali langu imejificha humo.

Kompyuta inapowashwa haijui chochote. Programu zote ziko kwenye diski, lakini ili kuisoma diski inahitaji programu. Itaanzaje? Waingereza huliita tendo hili la kuwaka kwa jina la buti, ufupisho wa neno la kile kitanzi cha nyuma unachokishika ukivaa buti, kwa sababu wana msemo wa mtu kujiinua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Jambo lisilowezekana, lakini mashine inalifanya kila asubuhi. Inaweza kwa sababu kwenye ubao wake mkuu mmeandikwa programu ndogo, bayosi, isiyofutika umeme ukikatika. Hiyo ndiyo inaamka kwanza. Inahesabu viungo: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Kisha, katika mashine za zamani kama ile yetu, inasoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu, na kukikabidhi kazi.

Lakini bayosi nayo ina mambo ya kukumbuka: leo tarehe ngapi, ianzie diski ipi, izungumze nayo kwa namna gani. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikukumbuka mambo haya; viungo vyake vilipangwa kwa vijiswichi unavyovisukuma kwa ncha ya kalamu. Ilipokuja ile ya AT mwaka 1984 ndipo mipangilio ikawekwa katika kumbukumbu ndogo inayonyonya betri usiku na mchana. Mpaka kwenye mashine kama yetu betri hiyo ilikuwepo: kidude mviringo kama sarafu, CR2032. Namba zile si mapambo. Ishirini ni upana wake, milimita 20, na thelathini na mbili ni unene, milimita 3.2. Volti 3. Ikifa, na ukazima umeme ukutani kama mzee alivyotaka, mashine inaamka imesahau kila ulichoiambia na kurudi kwenye mipangilio iliyozaliwa nayo kiwandani.

Jioni moja nikaamua kumfurahisha dada. Nilipita kwa muuza saa, nikanunua betri kwa shilingi elfu mbili yangu mwenyewe, nikafungua kisanduku, nikatoa iliyokufa, nikaweka mpya. Nikawasha, nikaingia kwenye bayosi, nikaweka tarehe na saa. Mpaka hapo mimi ni mtu mwema.

Nilipaswa kutoka. Sikutoka. Kuna kitu kinaitwa kiherehere, na sijakutana na neno la kigeni linalokifikia. Mashine ilikuwa nzito, riwaya yangu ilikuwa ikifunguka polepole kama mlango wenye kutu, na nilikuwa nimesikia sijui wapi kwamba humo ndani kuna vitu ukivigeuza mashine inakuwa nyepesi. Nikateremka mpaka kwenye mstari unaoeleza namna mashine inavyozungumza na diski. Mbele yake herufi nne: AHCI. Nikabonyeza. Zikageuka tatu: IDE. Sikujua maana ya hizo wala ya zile. Nikahifadhi, nikaona saa imekwenda, nikachomoa flashi yenye riwaya yangu, nikazima swichi kuu nikakimbilia daladala. Sikusubiri kuona inawakaje.

Unaona ilipokaa? Kama ningeiacha betri mfu, kiherehere changu kingefutika usiku uleule. Asubuhi mashine ingekuwa imesahau saa na imesahau pia upuuzi wangu, dada angebonyeza F1, na leo nisingekuwa naandika. Niliinunulia mashine kumbukumbu, na kitu cha kwanza ilichokikumbuka ni kosa langu.

Nilifika saa mbili na nusu. Dada alikuwa amesimama mbele ya skrini ya bluu, mikono ameiinua kidogo kutoka kwenye kibodi kama mtu aliyegusa sufuria la moto. Windows wana ule uso wa huzuni, nukta mbili na mabano, na chini yake kulikuwa na maneno marefu kwa herufi kubwa: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba ile diski ninayotakiwa kuwakia siifikii. Inajizima, inajiwasha, nembo inatokea, vidoti vinazunguka, uso wa huzuni unarudi.

Siku hizi najua kilichotokea. Windows inapowekwa kwenye mashine hujifunza njia ya kuzungumza na diski iliyokuta, na njia nyingine isiyozihitaji huziacha zilale. Ukiibadilishia lugha nyuma ya mgongo wake, bayosi yenyewe inaisoma diski bila shida, ndiyo maana nembo inatokea. Lakini Windows ikishika usukani inaita kwa lugha iliyojifunza na haipati jibu. Diski ipo, nzima, haijapungua hata herufi moja. Ila haiitikii. Mtu mwenye akili akitaka kubadilisha mstari ule anaiamuru kwanza Windows iwake katika hali ya usalama, ndipo anabadilisha, nayo ikiwaka inaamsha njia iliyolala. Mimi sikuwa mtu mwenye akili. Nilikuwa mtu wa kiherehere.

Mzee akatoka ndani na kikombe cha chai. "Nani ameigusa?"

Dada akasema, "Mimi nimewasha tu, baba."

"Jana jioni ulichomeka flashi za wateja?"

"Nilichomeka, baba. Tatu."

"Nimesema mara ngapi kuhusu flashi za watu?"

Mimi nilikuwa nafagia. Nakumbuka kabisa nilikuwa nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Sikusema uongo, maana hakuna aliyeniuliza mimi. Swali lilikuwa limemwendea dada moja kwa moja kwa sababu yeye ndiye alikuwa amesimama pale, kidole chake ndicho kilichobonyeza swichi asubuhi. Aliyekutwa na maiti ndiye anayeulizwa.

Nitalitaja jina moja kubwa kisha niliache. Kant, yule Mjerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha hodi akiuliza rafiki yako yuko wapi, huna haki ya kumdanganya. Watu wamemshambulia kwa hilo mpaka leo. Mimi ninachosema ni kwamba mlangoni kwangu hapakuwa na muuaji. Palikuwa na mzee na kikombe cha chai, na mimi sikudanganya, nilifagia. Na bado nalia. Kwa hiyo naona swali la kusema uongo au kutosema halikuwa ndilo swali.

Fundi alikuja saa nne. Kijana wa rika la kaka yangu, mkoba mgongoni, mtaratibu. Kitu cha kwanza alichouliza, hata kabla ya kukaa: "Kuna kitu kimebadilishwa? Mara ya mwisho kuwaka vizuri hadi sasa, nini kimebadilika?"

Nimekuja kuliheshimu sana swali lile. Ni swali la daktari, ni swali la mwanamke mzee anayemtazama mtoto aliyeharisha na kuuliza alikula nini jana. Kitu kilichokuwa kinakwenda jana na leo hakiendi, katikati pana tendo. Ukilipata tendo, umepata nusu ya dawa. Na mashine ile haikuwa na daftari la kuandika nani aliingia na aligeuza nini. Ushahidi wote duniani wa kilichotokea usiku ule ulikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kichwa changu. Watu wa kompyuta wanasisitiza kila kitu kiwe na nakala mbili. Ukweli ule ulikuwa na nakala moja, na nakala hiyo ilikuwa imeshika ufagio.

Dada akajibu, "Hakuna, kaka. Hatujabadilisha kitu." Alisema kweli yake.

Basi fundi akafuata njia ambayo mtu yeyote angeifuata baada ya kuambiwa hakuna kilichobadilika. Kama hakuna aliyegusa, kimeoza chenyewe. Aidha diski inakufa au Windows imeliwa na virusi. Flashi tatu za wateja zikatajwa tena. Akasema ni kupiga windo upya. Mzee akauliza vitu vilivyomo je? Fundi akasema vilivyoko upande wa C vitaondoka, "vingine tutajaribu."

Tanua macho hapo. Upande wa C ndiko dada alikokuwa akiweka kila kitu, pale mbele kabisa kwenye skrini, kwa majina ya wateja. Mlikuwa na mitihani ya mwalimu wa tuisheni. Mlikuwa na kadi za mchango ambazo hazijachapwa. Mlikuwa na utafiti wa binti mmoja wa chuo, kurasa themanini na kitu, ambazo dada alizichapa kutoka kwenye mwandiko wa mkono kwa wiki mbili, na yule binti aliacha daftari zake hapo hapo na alikuwa anarudi alasiri kulipa na kuchukua. Na riwaya yangu? Riwaya yangu ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye flashi.

Hiki ndicho ambacho sikuwaambia washikaji kijiweni. Najua jinsi tunavyojieleza sisi tunaotaka kuwa waandishi, kwamba sisi ni watu wa kuhisi maumivu ya wengine, kwamba kalamu ni dhamiri ya jamii, na kadhalika. Asubuhi ile niliweza kunyamaza kwa saa mbili kwa sababu kilichokuwa changu kilikuwa salama. Sitaki kulipamba hilo. Kama riwaya ingekuwa humo ndani ningepiga kelele saa mbili na thelathini na moja.

Fundi akachomeka flashi yake, akabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, kurasa za kupiga windo zikafunguka. Hakuingia kwenye bayosi. Hakuwa na sababu. Diski ikaonekana, vipande vyake viwili vimepangwa kwenye orodha. Akachagua cha C. Mkono wake ukawa juu ya mausi, na kishale kikawa juu ya neno la kufuta.

"Fundi, ngoja," nikasema. "Umeangalia kwenye bayosi?"

Akageuka. "Kwani kuna mtu ameingia huko?"

Sasa sikiliza nilivyojibu, maana mkasa wote uko hapo. Nilisema: "Saa ilikuwa inarudi nyuma. Jana nilibadilisha betri."

Kila neno ni kweli. Ungeniapisha kwa kitabu chochote ningeapa.

"Aaa, betri!" fundi akasema, na uso wake ukafunguka. "Dogo, hiyo ndiyo imevuruga." Akaacha kila kitu, akazima, akachomoa waya wa umeme, akafungua kisanduku, akatoa betri yangu mpya, akabonyeza swichi ya kuwashia mara kadhaa kumalizia umeme uliobaki, akaisubirisha, akairudisha. Mashine ikaamka imesahau. Ikalalamika kwa maandishi meupe. Fundi akabonyeza F1, akaingia, akaweka tarehe, akatoka. Vidoti vikazunguka na kuzunguka, kisha dirisha la dada likafunguka na mafaili yote ya wateja yamekaa pale pale, hata lile la binti wa chuo.

Dada alipiga makofi. Mzee akasema alhamdulillahi. Kisha mzee akalipa fundi shilingi elfu kumi na tano na kusema zitatoka kwenye mshahara wa dada, kwa sababu betri ni sawa, lakini mambo ya flashi amekwisha kusema sana na mashine haiwezi kuvurugika bila mtu wa kuivuruga. Hapo mzee alisema kweli kuliko alivyojua.

Na mimi nikasifiwa. Dogo ana akili, ameiona ya betri.

Nimewahi kuwaza nini tofauti ya nusu ya ukweli na uongo. Uongo ungempeleka fundi kufuta diski. Nusu ya ukweli ilimwelekeza mahali sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na mashine ikapona. Kwa mashine, nusu ilitosha. Mashine haijali kwa nini umetoa betri. Ukisharudisha mstari ule kwenye AHCI, hakuna kovu, hakuna kinyongo, haiwezi hata kujua kwamba jana iligoma. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kwa mashine methali ile ni sheria ya umeme kabisa.

Washikaji wengi waliegemea hapo. Mmoja akasema, kosa likipona bila msaada wa ungamo, ungamo la nini? Utamfurahisha nani? Mwingine, huyu ana busara ya tumbo, akasema ungesema ungefukuzwa, na mashine ungenyimwa, na riwaya ungeandikia wapi? Kwenye pakiti za sigara? Wa tatu akasema mrudishie dada elfu kumi na tano zake kimyakimya, basi, hesabu imefungwa.

Huyu wa tatu nilimsikiliza. Nikaanza kumlipa dada kwa vyakula. Leo wali maharage, kesho chipsi, keshokutwa soda. Nilikuwa naandika hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Nilipofika elfu tisa na mia tano, dada akamwambia mama ntilie kwamba dogo wa fotokopi anamtongoza. Mama ntilie akanikalisha chini, akaniambia mwanangu, yule ni mkubwa kwako na ana mchumba. Nilikubali maonyo. Ningesemaje? Hata malipo yangu yaligeuka kuwa habari ya uongo.

Nikageukia vitabu. Kitabu chakavu cha Aristotle nilikipata kwa wauza vitabu wa barabarani, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya, lakini sehemu ya tatu ya Maadili yake kwa Nikomako ilikuwa nzima. Anasema aliyetenda bila kujua hayuko sawa na aliyetenda kwa kujua, ila anaongeza jambo: katika waliotenda bila kujua, anayejuta baadaye ni mtu mmoja, na asiyejuta ni mtu mwingine. Wote hawakujua, tendo ni lilelile, lakini anawaweka kwenye mafungu mawili kwa kile kinachotokea moyoni baada ya kujua. Niliposoma hapo nilifurahi, kwa kuwa mimi nilijuta. Furaha ilidumu mpaka niligundua kwamba kujuta kwangu hakukumgharimu yeyote isipokuwa dada.

Yuko Mwingereza, Bernard Williams, aliandika mwaka 1976 juu ya dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote la udereva. Watu watamwambia dereva, si kosa lako, na watakuwa sahihi, lakini wangemshangaa kama angekubali haraka mno. Dereva anabeba kitu ambacho abiria wake habebi. Mimi si dereva yule, mimi nilikuwa na kosa. Lakini mfano wake ulinifundisha kuitazama ile betri. Kiherehere kilekile, kidole kilekile: kwa betri mfu nisingekuwa nimefanya chochote, kwa betri hai nilikaribia kufuta wiki mbili za kazi ya mtu. Bahati ndiyo iliyonifanya mkosaji. Ukimya, lakini, haukuwa wa bahati. Ule niliutengeneza mwenyewe, dakika baada ya dakika, na ufagio mkononi.

Sasa niseme ninachoamini, nawe unaweza kukataa.

Naamini fundi alikuwa na haki ya ukweli wangu mpaka mashine ilipowaka, na baada ya hapo haki yake ikaisha. Mzee alikuwa na haki ya elfu kumi na tano kutoka kwa mtu anayestahili, nayo ingeweza kulipwa. Lakini dada alibaki na kitu ambacho hakikuwekwa na fundi wala hakingetolewa kwa kuchomoa betri. Alibaki na maelezo. Kila asubuhi baada ya siku ile alikuwa akinisubiri mlangoni. "Mdogo wangu, njoo uiwashe wewe, mimi nina mkosi na hii mashine." Mtu aliyechapa haraka kuliko yeyote niliyemfahamu, asiyetazama kibodi, alikuwa anaogopa swichi. Flashi za wateja alianza kuzikataa, wateja wakaenda duka la pili, mzee akamlaumu kwa hilo nalo. Alikuwa ameamini kuwa mikono yake inaharibu vitu. Na imani ile ilikuwa kazi yangu, niliichapa mimi, bila kosa hata moja la tahajia.

Ndiyo maana hoja ya kwamba kitu kimepona hainitoshi. Kilichopona ni kitu. Binadamu hana kitufe cha kumrudisha kwenye mipangilio aliyozaliwa nayo. Ukimwekea sababu ya uongo juu ya nafsi yake, ataiishi, na ni yule mwenye nakala pekee ndiye anayeweza kuitoa. Sisi waandishi chipukizi tunapenda sana mhusika anayekiri sura ya mwisho, machozi, mvua inanyesha. Katika riwaya yangu mwenyewe yumo mmoja wa namna hiyo, sura ya kumi na nne. Nimemfuta. Sikuona tena ni kwa nini asubiri hadi sura ya kumi na nne, isipokuwa kwamba mwandishi alimhurumia yeye kuliko yule aliyekuwa akiteseka tangu sura ya pili.

Na fadhila ya mzee? Nilisema nitairudia. Kwa muda mrefu nilijiambia nanyamaza ili nisimvunje moyo mzee aliyeniamini. Ni sababu nzuri, ina adabu. Tatizo lake ni kwamba ilinifaa mno. Sababu inayokufaa kila upande, igeuze uangalie chini yake.

Dada aliacha kazi mwaka 2023. Alisema anakwenda kumsaidia shangazi yake kuuza vitenge. Nilimsindikiza kituoni na mfuko wake, na hapo, kati ya wapiga debe na muuza maji, nikamwambia. Nilimwambia vibaya, nikianzia kwenye betri, nikieleza herufi tatu na herufi nne, hadi akanikatiza.

"Subiri. Kwa hiyo sikuiharibu mimi."

"Hapana, dada."

"Hata ile ya virusi."

"Hakukuwa na virusi."

Alinyamaza. Akavitazama vidole vyake, sijui kama alijua anavitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kwa msamaha.

"Kwa hiyo muda wote ule," akasema, "ningeweza kuiwasha mwenyewe."

Kisha akauliza, "Mzee umemwambia?"

Nikasema bado. Daladala ikaja, akachukua mfuko wake mkononi mwangu na kupanda. Ile elfu kumi na tano hakuitaja.